Ukumbi Mzuri wa Kupiga Shabaha Huanzia Ukuta wa Nyuma: Mwongozo Kamili kwa Unguja na Pemba

Niliwahi kusimama katika banda moja la ufukweni, upande wa mashariki wa Unguja, ambako wenyewe walikuwa wamebandika karatasi ya shabaha juu ya ukuta wa mawe na kuwakodisha wageni bunduki ya upepo. Kijana aliyekuwa akipiga alilenga sawasawa. Kirisasi kilitoboa karatasi, kikagonga jiwe, kikarudi karibu njia yote kilikotoka na kudunda kwenye mguu wa kiti alichokalia mtoto wa miaka sita hivi. Hakuna aliyeumia. Mwenye banda akaokota kirisasi kilichobonyea na kumpa mtoto achezee.

Makosa mawili yalifanyika pale kwa dakika moja, na la pili si dogo kuliko la kwanza. Tangu siku ile, mtu akinijia na fikra ya kufungua ukumbi wa shabaha na kuniuliza anunue bunduki gani, namjibu kwamba bunduki ni jambo la mwisho. Kwanza anioneshe kilicho nyuma ya karatasi. Kutoka hapo tunarudi hatua kwa hatua mpaka mlangoni, na ndivyo nilivyoupanga mwongozo huu.

Kabla ya yote: upepo au baruti?

Ushauri wangu ni upepo, umbali wa mita 10. Ndio mchezo wenyewe wa Olimpiki: bunduki ya upepo na bastola ya upepo, kirisasi cha milimita 4.5, ndani ya ukumbi. Wengi walimwona kwenye simu zao Yusuf Dikeç wa Uturuki, mtu wa miaka 51, akishinda medali ya fedha mjini Paris mwaka 2024 pamoja na mwenzake Şevval İlayda Tarhan, mkono mmoja mfukoni. Ile ilikuwa bastola ya upepo, mita 10. Mchezo huo unaingia katika ukumbi wa skuli.

Ukumbi wa baruti ni jambo jingine kabisa. Mlio wa silaha ya moto hupita desibeli 140, kiwango kinachoweza kuharibu masikio kwa pigo moja, na ndani ya chumba cha saruji mlio huo hurudi kutoka kila ukuta. Kila risasi inayofyatuliwa hutoa moshi na vumbi lenye madini ya risasi, mbele ya pua ya anayepiga. Taasisi ya Marekani inayoshughulikia usalama na afya kazini, NIOSH, inapendekeza hewa isukumwe kutoka nyuma ya mpigaji kuelekea kwenye shabaha kwa kasi ya futi 75 kwa dakika, yaani kama sentimita 38 kwa sekunde, kwa upana na urefu wote wa chumba. Piga hesabu mwenyewe. Chumba chenye upana wa mita 6 na kimo cha mita 3 kinahitaji karibu mita za ujazo 7 za hewa kila sekunde, takriban 25,000 kwa saa. Hewa yote hiyo inapaswa kuchujwa kabla ya kutolewa nje, na inayotolewa iwe nyingi kidogo kuliko inayoingizwa ili vumbi lisikimbilie mapokezi. Mitambo ya namna hiyo inaweza kugharimu kuliko jengo, na umeme wake hutaulipa kwa tokeni za kawaida za nyumbani. Kwa visiwa vyetu, vyenye nyumba zilizobanana na vibali vizito vya silaha, sioni sababu ya kuanzia huko.

Hata hivyo, bunduki ya upepo isichukuliwe kama manati ya watoto. Ile ya mashindano hurusha kirisasi kwa kasi ya kama mita 170 kwa sekunde, na nguvu yake ni kama jouli 7.5. Hiyo inatosha kabisa kupofua jicho.

Vibali, na watu wa mtaani

Usiagize chochote kabla hujazungumza na polisi kwa maandishi. Polisi ni jambo la Muungano, kwa hiyo usijitegemeze kwa jibu la ofisi ya baraza la mji peke yake. Andika barua ieleze aina ya bunduki, idadi, zitahifadhiwa wapi, nani atashika funguo. Subiri jibu lenye muhuri. Nimeona mizigo ikikaa bandarini kwa sababu mtu alisikia mahali kwamba "za upepo hazina neno". Usiende na maneno ya kusikia.

Ila safari ya kwanza iwe kwa sheha. Sheha ndiye atakayegongewa mlango saa mbili usiku jirani akisikia kwamba kuna watu wanaingia na bunduki katika lile jengo lililokuwa ghala. Mkaribishe aone karatasi, aone kisanduku cha kunasia virisasi, na bunduki zikishafika kwa kibali, apige yeye mwenyewe mara tano. Baada ya sheha, Baraza la Taifa la Michezo Zanzibar kwa usajili wa klabu. Na kama nyumba iko Mji Mkongwe, kumbuka eneo lote ni urithi wa dunia tangu mwaka 2000: hutoboi ukuta wala hubadilishi dirisha bila idhini ya mamlaka inayouhifadhi.

Kuchagua chumba

Kutoka mstari wa mpigaji hadi uso wa shabaha ni mita 10, na kanuni za kimataifa huruhusu hitilafu ya sentimita 5 tu. Nyuma ya shabaha acha mita 1 kwa kisanduku na pazia. Nyuma ya mpigaji acha mita 5 kabla ya kizuizi cha watazamaji. Kocha na msimamizi watembee humo bila kugusana viwiko na anayepiga. Kwa hiyo urefu wa ndani usipungue mita 16, na 18 ni raha zaidi. Kila mpigaji anahitaji upana wa mita 1 kwa uchache. Mimi huwapa wanafunzi mita 1 na robo, kwa sababu mgeni hugeuka geuka.

Nyumba za kale za mawe zina vyumba virefu vyembamba, kwa sababu upana wa chumba uliamuliwa na urefu wa boriti za mikoko zilizobeba dari. Upana huo mara nyingi ni kama mita 3. Kwa hiyo hata ukipata chumba chenye urefu wa kutosha, utapata njia mbili tu za kupigia, na joto lake litakuwa la kutosha pia. Jengo la matofali ya saruji nje ya mji, kama Fuoni au Tunguu, au ghala lisilotumika Chake Chake au Wete, ni rahisi zaidi kulipanga.

Sharti moja halina majadiliano: mbele ya mstari wa kupigia pasiwe na mlango wala dirisha ambalo mtu anaweza kulifungua. Ukikuta mlango, uzibe kwa matofali. Kuufunga kwa komeo hakutoshi, maana komeo hufunguliwa na mtu anayetafuta paka wake.

Ukuta wa nyuma

Hapa ndipo pesa iende kwanza.

Kila shabaha iwe na kisanduku chake cha chuma, kilicho wazi mbele, na ndani yake bamba lililoinamishwa nyuzi 45 kuelekea chini. Kirisasi kikigonga bamba hilo hubonyea na kuanguka ndani ya kisanduku. Bamba likisimama wima, kinarudi kilikotoka. Mwambie fundi wa kuchomelea atumie chuma cha milimita 3 au zaidi, na mishono ya kuchomelea iwe upande wa nyuma, ili mbele pasiwe na uvimbe hata mmoja. Kichwa cha bolti kinatosha kukigeuza kirisasi njia.

Wanaoanza hukosa kisanduku kizima, tena si mara moja. Kwa hiyo nyuma ya visanduku, kutoka dari hadi sakafu na kutoka ukuta hadi ukuta, ning'iniza zulia kuukuu zito au turubai nene lililokunjwa mara mbili. Liache lilegee. Kitu kilicholegea hukubali kusukumwa, na kirisasi hupoteza nguvu kikasukuma. Kitu kilichokazwa hukirudisha. Nyuma ya zulia weka mbao za plai zikiukinga ukuta. Halafu piga magoti kwenye mstari wa kupigia na utazame juu: taa, mabomba, boriti za chuma, chochote unachokiona kutoka pale kinaweza kugongwa. Vifiche kwa ubao uliosimamishwa mbele yake.

Mwishowe ujaribu kwa ubaya. Siku moja kabla ya kufungua, watu wawili wazima, miwani machoni, wapige kwa makusudi pembeni mwa kisanduku, juu yake, chini yake, huku shuka jeupe limetandikwa sakafuni mbele ya mstari. Kirisasi chochote kitakachokutwa juu ya shuka kimerudi. Tafuta kiligonga nini, rekebisha, rudia mpaka shuka libaki tupu.

Shabaha, na kapi

Katikati ya shabaha iwe mita 1.40 kutoka sakafu ya mpigaji. Shabaha ya bunduki ina upana wa milimita 45.5 tu, na alama ya kumi ni nukta ya nusu milimita. Mtu akiiona kwa mara ya kwanza hufikiri ni kosa la uchapaji. Ile ya bastola ni kubwa, milimita 155.5, na kumi yake ni 11.5. Anza na bastola au na bunduki iliyoegemezwa kwenye stendi. Mtoto atakayekosa karatasi mara ishirini siku ya kwanza harudi siku ya pili.

Shabaha za elektroniki zinapendeza na ndizo zinazotumika kwenye mashindano makubwa, lakini kwa ukumbi mpya ni mzigo. Zinataka umeme uliotulia, fundi anayezijua, na vipuri kutoka mbali. Karatasi inatosha kabisa kwa miaka ya mwanzo.

Kinachohitajika ni njia ya kuileta karatasi kwa mpigaji bila mtu kuvuka mstari. Hapa tumebahatika, kwa sababu watu wa jahazi wanajua kazi ya kapi kuliko mtu yeyote. Funga kapi moja juu ya kisanduku na nyingine juu ya meza, pitisha kamba ya nailoni katikati, tundika kishikio cha karatasi. Mpigaji anavuta mwenyewe. Kapi ziwe za plastiki ngumu au za shaba. Chuma cha kawaida kitaliwa na kutu kabla ya mwaka kwisha. Kapi ya nyuma nayo ifichwe nyuma ya ubao, kama taa. Ukifanya hivi umeondoa sababu kubwa inayowafanya watu watembee mbele ya mitutu.

Mwanga

Kwenye shabaha panatakiwa mwanga wa luksi 1,500 kwa uchache, na ukumbi uliobaki luksi 300 au zaidi. Kuna programu za simu zinazokadiria luksi. Hazina uhakika wa kipimo cha maabara, lakini zitakuonesha kama shabaha ya tatu ina nusu ya mwanga wa shabaha ya kwanza. Taa ziwekwe mbele na juu ya shabaha, zimekingwa ili mpigaji asiione balbu yenyewe. Ukuta wa nyuma upakwe rangi hafifu isiyong'aa. Rangi ya mafuta ya kung'aa, ile inayopendwa kwa kuwa inafutika, hapa inaumiza macho.

Umeme wetu unakuja kwa nyaya chini ya bahari. Wenye umri wa kukumbuka hawajasahau Unguja ilivyokaa gizani kwa miezi tangu Disemba 2009. Hali imekuwa nafuu tangu waya mpya ulipowekwa, lakini umeme bado hukatika, na ukumbi usio na madirisha mbele ya mstari huwa kiza ghafla huku watu wameshika bunduki zilizotiwa risasi. Weka taa za betri zinazojiwasha, angalau moja juu ya kila upande wa mstari. Na wafundishe watu tangu siku ya kwanza: taa ikizimika, kidole nje ya triga, mtutu uelekee mbele, usigeuke, subiri sauti ya msimamizi.

Mstari wa kupigia na lugha ya amri

Mstari uchorwe sakafuni kwa rangi nyekundu, upana wa kiganja. Kila njia iwe na meza yenye kimo cha kiuno. Bunduki hukaa mezani, mtutu mbele, imefunguliwa, na ndani ya mtutu umepitishwa uzi wa usalama wenye rangi kali unaotokeza ncha zote mbili. Mshipi mnene wa plastiki wa milimita 2 au 3, wa rangi ya chungwa, unafaa sana na hupatikana kwa wauza vifaa vya uvuvi. Anayeuona uzi ukichungulia mdomoni mwa mtutu anajua, bila kuuliza, kwamba hamna kitu ndani.

Sasa amri. Jambo hili limenishughulisha kwa muda mrefu kwa sababu wengi hutafsiri amri za kimataifa moja kwa moja na kupata "Pakia!" na "Pakua!" Yaseme maneno hayo mawili kwa sauti kubwa katika chumba chenye mwangwi, mpigaji akiwa na vizibo masikioni. Yanatofautiana kwa irabu moja, na maana zake ni kinyume. Ni hatari ya wazi. "Simama!" nayo haifai, kwa sababu aliyekaa kwenye kiti ataelewa ainuke. Mimi hutumia maneno manne ambayo hayafanani hata kidogo: "Tia!" kwa kuweka kirisasi, "Anza!", "Wacha!" kwa kusitisha papo hapo, na "Fungua!" kwa kufungua bunduki na kupitisha uzi. Yaandikwe ukutani kwa herufi kubwa, na kila mtu ayarudie kwa mdomo wake kabla ya kugusa bunduki.

"Wacha!" inaweza kutamkwa na mtu yeyote ukumbini, hata mtoto, hata mgeni aliyeingia sasa hivi. Amri nyingine tatu ni za msimamizi peke yake. Na msimamizi, siku anayosimamia, hapigi. Hata kama ni mwenye ukumbi, hata kama mgeni ni waziri, hata kama amebaki mtu mmoja tu kwenye mstari. Ukumbi ambao msimamizi anapokezana bunduki na wateja, ondoka.

Risasi ni madini

Lugha yetu inaita kitu kinachoruka risasi, na inaita madini yenyewe risasi. Ukumbusho huo tuutumie. Virisasi vingi vimetengenezwa kwa madini hayo, na ni sumu inayojikusanya mwilini kidogo kidogo. Inaumiza ubongo wa mtoto kuliko wa mtu mzima, na inapita kutoka kwa mama hadi kwa mtoto aliye tumboni. Ndiyo maana nilisema kosa la pili la mwenye banda, kumpa mtoto kirisasi achezee, halikuwa dogo.

Habari njema ni kwamba bunduki ya upepo haina moshi. Hatari iko kwenye vidole, na kwenye vumbi la kisanduku. Kwa hiyo: ndani ya ukumbi haliwi wala hakinywewi kitu, si urojo, si karanga, si kahawa. Kirisasi hakiwekwi mdomoni hata kwa sekunde moja, tabia ambayo watu huipata bila kujua mikono yao ikiwa imejaa. Nje ya mlango kuwe na bomba na sabuni, na kila anayetoka anawe kabla hajamshika mtu mkono. Anayekwenda kusali aanze na sabuni, kisha ndio atie udhu.

Usafi wa sakafu usifanywe kwa ufagio mkavu, kwa sababu ufagio huinua vumbi likae hewani. Piga deki kwa maji na sabuni. Visanduku vimwagwe na mtu mzima mwenye glavu na barakoa, nje ya muda wa mazoezi, na kazi hiyo asipewe mjamzito wala kijana. Pangaboi lizimwe wakati huo. Na likiwaka wakati wa mazoezi, liwe nyuma ya mpigaji likisukuma hewa mbele, madirisha ya nyuma yakiwa wazi na tundu la kutolea hewa likiwa juu ya ukuta wa shabaha.

Virisasi vilivyokusanywa vitakuwa na wateja. Wavuvi watakuja kuviomba wayeyushe wapate chubwi za mishipi na nyavu. Najua bei ya chubwi dukani, na najua ugumu wa kumnyima mtu kitu ambacho wewe unakiona taka. Lakini risasi ikiyeyushwa juu ya jiko la mkaa uani, moshi wake unaingia kwa watoto wa nyumba nzima. Kusanya kwenye ndoo yenye kifuniko, iandike, ifungie, na uiuze kwa wanunuzi wa chuma chakavu wenye leseni.

Chumvi, kutu, na kabati

Hewa yetu ina chumvi mwaka mzima, na wakati wa masika unyevu huingia hadi ndani ya sanduku lililofungwa. Bunduki iliyoachwa mezani usiku mmoja yaweza kuanza madoa. Baada ya mazoezi ifutwe yote kwa kitambaa chenye mafuta kidogo sana, hasa pale mikono iliposhika, kwa sababu jasho lina chumvi yake. Mtutu husafishwa kwa vidonge vya sufi vinavyosukumwa ndani yake. Usitie mafuta mengi, yatapeleka kirisasi kombo.

Kabati liwe la chuma, limekazwa ukutani kwa bolti, lenye kufuli mbili, na funguo zikae kwa watu wawili tofauti. Ndani weka vifuko vya kunyonya unyevu na uvikaushe kila wiki. Virisasi vifungiwe kabati jingine. Daftari la kutoa na kurudisha likae juu ya meza ya msimamizi: namba ya bunduki, jina, saa ya kutoka, saa ya kurudi. Polisi wakija kukagua, hilo daftari ndilo litakalozungumza kwa niaba yako.

Hewa ya mitungi

Bunduki nyingi za mashindano hutumia mtungi wa hewa iliyoshindiliwa hadi bar 200. Watu huniuliza tutajaza wapi. Jibu liko Nungwi, Kendwa na kwingineko wanakozamisha watalii: vituo vya uzamiaji vina kompresa zinazotoa hewa safi, kavu, kwa presha ya kiwango hichohicho. Nunua au kodi mtungi mkubwa wa mzamiaji, ujazwe huko, uutumie kujazia mitungi midogo ukumbini kwa kiunganishi chake maalumu. Fungua taratibu.

Usijaze hewa ya oksijeni kutoka hospitali au kwa mchomeleaji. Oksijeni ikikutana na mafuta chini ya presha hulipuka. Watunza stoo waambiwe hili, na liandikwe juu ya mtungi wenyewe. Mitungi midogo nayo ina tarehe ya mwisho iliyochongwa, kwa kawaida miaka 10; unaponunua iliyotumika, tazama tarehe kabla ya bei. Klabu isiyo na kituo karibu inunue bunduki za kupampu kwa mkono mara moja kwa kila pigo. Zinachosha kidogo, lakini hazidai mtungi wala safari.

Huduma zinazomfanya mtu arudi

Somo la kwanza liwe la dakika kama arobaini, na nusu yake bila kirisasi. Mpime jicho linaloongoza: anyooshe mikono, aache tundu dogo kati ya viganja, atazame kitu cha mbali, afumbe jicho moja baada ya jingine. Jicho linaloendelea kukiona kile kitu ndilo la kulengea. Watu wengi huambiwa wana mkono mbaya, kumbe wanalenga kwa jicho lisilo lao. Kwa hiyo kuwe na angalau bunduki moja ya mkono wa kushoto, na vitako vya bunduki, ile sehemu ya nyuma inayoegemea bega, vinavyorefushwa na kufupishwa. Miwani ya kukinga macho ni ya kila mtu, hata mtazamaji.

Wanawake watengewe saa zao, na msimamizi mwanamke aliyefunzwa, kwa wanaotaka hivyo. Mchezo huu haudai mavazi yanayobana wala nguvu za mabega. Bahya Al-Hamad, mpigaji wa bunduki ya mita 10 akiwa na hijabu yake, ndiye aliyebeba bendera ya Qatar London mwaka 2012. Buibui lenyewe lina mikono mipana inayonasa mezani, kwa hiyo kuwe na chumba cha kubadilishia na pini za kukunjia mikono.

Mlango uwe na njia ya mteremko, na njia moja iwe na meza inayoshuka kwa mwenye kiti cha magurudumu. Mchezo una madaraja yake ya watu wenye ulemavu, na asiyeweza kubeba uzito wa bunduki kwa mikono huruhusiwa stendi yenye springi. Sijui mchezo mwingine unaoweza kuwaweka kwenye mstari mmoja, siku moja, binti wa skuli, mzee mstaafu na kijana wa kiti cha magurudumu, wakashindana kwa alama zilezile.

Ratiba ifuate adhana. Mazoezi ya jioni yaanze baada ya alasiri na yamalizike mapema kabla ya magharibi, ili bunduki zirudi kabatini bila haraka. Makosa mengi hutokea watu wanapokimbilia kuondoka. Ijumaa ifunguliwe alasiri. Ramadhani, nafasi nzuri ni baada ya tarawehe, kwa kuwa mtu mwenye njaa na kiu hutetemeka mkono. Mwangwi wa usiku upunguzwe kwa kutundika mikeka minene au usumba uliosokotwa kwenye kuta za pembeni, nyuma ya mstari tu, na vizibo vya masikio vigawiwe.

Siku ya kufungua

Usialike watu hamsini. Alika watano, uwapange kwa zamu kwenye njia tatu, na njia nyingine ziwe tupu. Sheha awepo. Kisanduku cha huduma ya kwanza kiwe na maji safi ya kuoshea jicho, na dereva mmoja ajue njia ya haraka ya kufika hospitali, iwe Mnazi Mmoja au Chake Chake.

Katikati ya mazoezi, bila kumwambia mtu, mwombe mtoto mmoja wa klabu aite "Wacha!" Hesabu sekunde mpaka bunduki zote ziwe mezani. Kisha zima taa kuu na utazame nani amegeuka. Andika ulichokiona. Mkimaliza, hesabu bunduki, hesabu nyuzi za usalama, linganisha na daftari, funga kufuli ya kwanza, na mpe ufunguo wa pili yule mwenzako aondoke nao.